Habari za Funza na Desturi ya Kukagua Miguu

Wengi katika wasomaji wetu, hasa wale waliolelewa mashambani, wamemjua funza tangu utotoni, nao hudhani kwamba mdudu huyu ni mwenyeji wa nchi zetu tangu kale, kama walivyo chawa na kunguni. Sivyo. Babu wa babu zetu hawakumjua. Funza ni mgeni katika Afrika ya Mashariki, na wakati wa kuja kwake wajulikana karibu sawa na wakati wa kuja kwa reli. Nimeona yafaa kuandika habari zake, kwa kuwa ndani yake twaona jinsi watu, bila daktari wala amri ya serikali, walivyojifunza desturi mpya ya kila siku iliyowaokoa. Tena twaona jinsi desturi hiyo hiyo, ilipokwisha kuzoewa, ilivyogeuka kuwa fimbo ya kumpigia yule aliyeshindwa kuifuata.

Kwanza tumtazame mdudu mwenyewe. Yu katika jamaa ya viroboto, naye ni mdogo kuliko wote, maana urefu wake wapata milimita 1 tu. Hukaa katika mavumbi na mchanga mkavu, wala hawezi kuruka zaidi ya shubiri moja, ndiyo sababu humshika mtu miguuni. Dume hunyonya damu akaenda zake. Jike hujichimbia katika ngozi, kando ya ukucha, kati ya vidole, kisiginoni au penye wayo, akabakiza nje ncha yake ya nyuma apate kupumua na kutaga. Humo ndani tumbo lake huvimba kwa mayai, na katika muda wa juma moja au mawili huwa kama kunde, mweupe, mwenye nukta nyeusi katikati. Mayai huyatupa nje yaanguke chini. Baada ya siku tatu au nne hutoka vibuu, nao hukua mavumbini, na baada ya majuma matatu hivi wamekuwa funza kamili. Yule mama hufa mle mle ngozini baada ya majuma manne mpaka sita. Basi mtu mwenye funza mmoja, kama angekaa mahali pasipo na wengine, huenda angepona bila ya dawa. Linalomwangamiza ni kuingiwa kila siku na wapya, na hao wapya watoka katika sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Neno hili wasomaji walishike, maana nitalirudia.

Asili yake ni Amerika ya joto. Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo alimtaja katika kitabu kilichochapwa mwaka 1526, na askari na mabaharia wa taifa lake walipata taabu nyingi kwa ajili yake. Huku kwetu habari yake kubwa yaanza mwaka 1872. Mwaka huo marikebu ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro katika Brazil, ikafika Ambriz, bandari ya Angola, nayo ilikuwa imetiwa mchanga kuwa farumi. Mchanga ulipomwagwa pwani, funza akashuka pamoja nao. Mtu aweza kuuliza: je, katika miaka mia tatu ya biashara ya watumwa, marikebu ngapi zilikwenda na kurudi kati ya Brazil na Angola, na mbona funza hakuenea? Nadhani jibu ni njia. Hapo kale mdudu aliyeshuka Ambriz hakuwa na miguu ya kumchukua mbali. Lakini katika miaka iliyofuata 1872 bara lilikuwa limefunguka, misafara ikaenda mfululizo, askari na wapagazi wakalala usiku mmoja hapa na usiku wa pili pale, kila mmoja akiacha mayai katika vumbi la kambi.

Alifuata pwani mpaka mlango wa mto Kongo, kisha akapanda pamoja na mto. Wanaotafuta habari hizi hutaja mara nyingi safari ya Stanley ya kumtafuta Emin Pasha. Mwaka 1887 Wazanzibari zaidi ya 600 walipakiwa melini Unguja, wakazungushwa kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema mpaka mlango wa Kongo, ili warudi kwao kwa kulipasua bara kwa miguu. Na wale waliosalia walifika Bagamoyo mwezi wa Desemba 1889. Hatuwezi kuwatwika wao peke yao mzigo huo, kwa kuwa misafara ilikuwa mingi; lakini ni mfano mzuri wa jinsi njia ya magharibi ilivyounganishwa na ya mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 funza alikuwa katika nchi za Ziwa Tanganyika na za Nyanza, na kabla ya karne kwisha alikuwa amefika pwani yetu. Basi mdudu asiyeweza kuruka shubiri alilivuka bara zima, bahari hata bahari, kwa muda upatao miaka 25, kwa miguu ya watu.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya majina, maana wasomaji wa jarida hili hupenda mambo ya lugha. Neno funza lilikuwako zamani, nalo lilikuwa jina la kibuu aonekanaye katika nyama iliyooza au katika tunda. Mgeni alipokuja, watu walimpa jina la yule waliyemjua, kwa kuwa akitolewa hufanana na kibuu kinene cheupe. Waganda humwita envunza, na Wanyarwanda husema amavunja, majina yaliyo karibu sana na letu kwa sauti. (Kwamba neno hilo latamkwa sawasawa na kitenzi cha kufunza, waalimu wasiudhike.) Lakini Kiswahili kina jina la pili, tekenya, na hili lina habari. Tekenya ni kitenzi pia, maana yake kumgusa mtu kwapani au ubavuni mpaka acheke, na mtu aliyeingiwa na funza ajua kwamba dalili ya kwanza ni mwasho kama wa kutekenywa. Ungedhani basi kwamba jina limetoka katika kitenzi, na mambo yamekwisha. Lakini Wanyanja humwita matekenya, na Wareno wa Angola na Msumbiji humwita matacanha. Naona kwamba jina hili lilisafiri pamoja na mdudu kutoka upande wa machweo, na Waswahili walilipokea upesi kwa sababu lilifanana na kitenzi walichokuwa nacho. Lugha hufanya hivyo mara nyingi.

Tena kuna ushahidi wa Wakikuyu. Wao hulipa kila rika la waliotahiriwa jina la jambo kuu la wakati wake, na kati ya marika ya miaka ya 1890 limo lililoitwa Ndutu, yaani funza, karibu na lile lililoitwa Mutung'u, yaani ndui. Mtu asiyejua kuandika aliandika tarehe kwa njia hiyo, wala hakukosea.

Jina hilo la rika laonyesha pia kwamba jambo halikuwa dogo. Sisi leo twamwona funza kuwa udhia wa watoto. Wao walimhesabu pamoja na ndui. Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri Mwaustria, alipita Uzinza, kusini-magharibi ya Nyanza, akaandika kwamba aliona watu ambao viungo vyao vimeoza kwa ajili ya funza, na kwamba vijiji vizima vilikuwa vimekwisha. Yafaa tukumbuke miaka ile ilivyokuwa. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe, ndui ilipita, na njaa ilifuata. Mtu aliyedhoofika, asiyeweza kukanyaga chini kwa ajili ya miguu yenye usaha, hawezi kulima wala kwenda kutafuta chakula. Hukaa ndani, na akikaa ndani funza wa sakafu humwingia zaidi. Jeraha nalo ni mlango wa sumu ya damu na wa pepopunda.

Lakini baada ya miaka michache vifo vya namna ile vilipungua sana, wala mdudu hakuondoka. Kilichobadilika ni watu. Walijifunza kazi ambayo baba zao hawakuijua, nayo ni ya kutoa funza. Hakuna aliyeandika jina la mtu wa kwanza kuifanya katika Uzinza au Usukuma. Nadhani elimu hiyo ilifuata njia ile ile ya misafara, lakini nyuma ya mdudu kwa mwaka mmoja au miwili, na katika mwaka huo mmoja au miwili ndipo watu walipokufa.

Kazi yenyewe yastahili kuelezwa, maana vijana wa mjini hawaijui tena. Jioni, kabla ya giza, miguu huoshwa. Mtoto huketi mlangoni penye nuru, na mtu mzima, mara nyingi bibi, huuweka mguu wake pajani pake na kuukagua kidole kwa kidole. Akiona nukta nyeusi yenye duara jeupe, huchukua mwiba mpya au sindano iliyopitishwa motoni, akaanza kupanua ngozi pole pole kuizunguka ile nukta. Hapo ndipo penye ustadi. Asiyejua humtumbua, na funza akipasuka sehemu yake hubaki ndani na jeraha huoza. Ajuaye humtoa mzima pamoja na mfuko wake wa mayai, kama mtu atoavyo punje katika ganda. Kisha hatupwi chini, hutiwa motoni, na wengi wetu twakumbuka ile sauti yake ndogo ya kupasuka. Mimi nalitolewa wengi na bibi yangu, naye hakuniruhusu kulala kabla ya kuonyesha nyayo zote mbili. Nalimwona mkali.

Na nyumba nayo ilikuwa na desturi yake. Sakafu haikufagiwa kavu: ilinyunyizwa maji kwanza, na kila baada ya siku kadha ilikandikwa kwa udongo na samadi mpaka ikawa ngumu na laini, isiwe na nyufa wala vumbi. Akina mama waliofanya hivyo hawakuwa wameambiwa habari za vibuu. Lakini kibuu cha funza hupenda vumbi kavu, na wao waliondoa vumbi. Kazi hii ilikuwa na faida kuliko ile ya sindano, ijapokuwa haikusifiwa.

Sasa nataka wasomaji waangalie jambo moja katika yote niliyoyaeleza. Sisi husema kwamba usafi wa mwili ni wajibu wa kila mtu juu ya nafsi yake, na katika mambo mengi ni kweli. Lakini kutoa funza hakujawa kazi ya mtu mmoja kamwe. Nani awezaye kuuona wayo wake mwenyewe vizuri, na kuchimba kisigino chake kwa mkono mmoja? Kijana mwenye viungo vyepesi huenda akaweza. Mtoto wa miaka minne hawezi. Mzee mwenye macho hafifu na mgongo mgumu hawezi. Mlevi na mwenye wazimu hawawezi. Na hao ndio tunaowaona leo wakiwa wamejaa funza: watoto, wazee, na walio peke yao. Mapadre na wachungaji hawatakosa kukumbuka mlango wa kumi na tatu wa Injili ya Yohana, ambapo miguu huoshwa na mwingine.

Amri za serikali zilikuja baadaye, nazo zilimtazama mtu kwa namna nyingine. Katika vita ya 1914 hata 1918 wapagazi waliochukuliwa kwa maelfu kutoka nchi zetu walikwenda miguu mitupu, wakalala katika kambi zenye vumbi, na funza aliwatesa pamoja na kuhara na homa. Waingereza waliliita jeshi lao la wapagazi kwa jina ambalo Waswahili walilifanya Kariakoo, na mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi imelihifadhi jina hilo mpaka leo. Kisha mwaka 1921 ilitungwa Sheria ya Afya ya Kenya, ambayo huhesabu kuwa ni udhia nyumba iliyo chafu au yenye wadudu kiasi cha kuhatarisha afya, na mwenyewe aweza kuamriwa auondoe udhia huo. Sioni kosa katika sheria hiyo. Nyumba moja yenye funza hupeleka funza kwa jirani, basi jirani ana haki ya kulindwa. Lakini sheria humjua mwenye nyumba tu, wala haiulizi kama mwenye nyumba ni mjane wa miaka sabini asiyeweza kuchota maji.

Hata lugha yetu ikafuata. Katika Kiswahili twaweza kusema mtu ameingiwa na funza, na hapo funza ndiye mtendaji. Twaweza pia kusema mtu ana funza, na hapo funza wamekuwa mali yake, kama vile mtu awavyo na tabia. Nimesikiliza jinsi watu wasemavyo: mtoto wetu ameingiwa, mtoto wa jirani anao. Shuleni ikawa desturi kuwakagua watoto miguu asubuhi, jambo jema kabisa. Lakini katika shule nyingi aliyeonekana nao alicheka­wa mbele ya wenziwe, kisha akarudishwa nyumbani mpaka apone. Alirudi wapi? Kwenye sakafu ile ile iliyomtia funza. Wengine hawakuonekana tena darasani.

Elimu ya miaka ya karibuni imethibitisha mambo mengi ya bibi zetu na kuyasahihisha mengine. Sindano, kwanza. Ikipita kutoka mguu wa mtoto mmoja mpaka wa mwingine bila ya kuchemshwa, yaweza kuchukua homa ya ini na UKIMWI. Kwa hiyo desturi ya kuwapanga watoto na kuwatoa wote kwa pini moja yapasa kuachwa kabisa. Badala yake kuna mafuta yaitwayo dimetikoni, ambayo hayana sumu: hutiririka katika kitundu ambacho funza hupumulia, yakamziba. Waganga walipoyajaribu kwa watoto wa shule huko Gatundu, katika Kenya, wakayalinganisha na dawa ya zambarau ya pamanganeti iliyozoewa, waliona baada ya siku 7 kwamba katika funza waliopakwa dimetikoni asilimia 78 hawakuwa na dalili ya uhai, na katika wale wa pamanganeti asilimia 39. Matokeo hayo yalichapwa mwaka 2014. Tena mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliutia ugonjwa huu pamoja na upele na mengine ya namna hiyo katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Jambo lililonishangaza zaidi latoka Bukini. Huko watu wa kijijini waligawanywa: wengine walipewa viatu vya kufunika mguu, wengine walipakwa miguu kila siku dawa ya mimea ya kufukuza wadudu, ambayo ndani yake mna mafuta ya nazi, na wengine hawakupewa kitu. Wale waliopakwa walikaribia kuokoka kabisa. Waliopewa viatu walipata nafuu kidogo tu, kwa kuwa hawakuvivaa siku nzima, na mtu avuapo viatu nyumbani mwake ndipo akanyagapo vumbi lenyewe. Sisi katika misioni tumehubiri viatu kwa miaka mingi sana. Havina ubaya, lakini huzuia funza wa njiani, na funza wengi si wa njiani. Uchunguzi uliofanywa Kilifi nao umeonyesha hatari ya sakafu ya udongo, hasa pale watu walalapo. Na katika Busoga imeonekana kwamba nguruwe huwabeba funza wengi na kuwarudisha uani, basi mwenye kutibu watu bila ya kutazama zizi amefanya nusu ya kazi. Busoga hiyo hiyo iliona msiba mwaka 2010, na habari zilizochapwa mwezi wa Oktoba zilitaja vifo visivyopungua 20. Ni zaidi ya miaka mia moja baada ya Baumann, na mdudu ni yule yule ambaye bibi mmoja mwenye macho mazuri humshinda kwa mwiba.

Najua wako waalimu watakaosema kwamba nikiisha kumwondolea mwenye funza lawama, nimemwondolea pia bidii. Sijasema hivyo. Mwenye nguvu ambaye maji yako karibu na hataki kufagia, na aambiwe kweli. Lakini aambiwe baada ya mtu kuingia nyumbani mwake na kuitazama sakafu. Asihukumiwe kwa kutazamwa miguu ya mtoto wake uani mwa shule. Nimeziona parokia ambazo vijana wa kipaimara walipewa kila mmoja mzee wake, wakaenda Jumamosi kumwosha miguu, kumpaka mafuta, kunyunyiza maji na kukandika sakafu. Hawakuandikiwa amri. Katika majuma machache wazee walikuwa wakitembea kuja kanisani, na jambo gumu lilikuwa kuwapata vijana wa kuendelea wakati wa mvua, walipotakiwa shambani kwao.

Tena kuna sakafu moja ambayo tumesahau kuitazama. Madarasa mengi ya mashambani bado ni ya udongo mtupu, nayo hufagiwa asubuhi yakiwa makavu, mavumbi yakipanda mpaka dirishani, kisha watoto huketi humo miguu mitupu mpaka saa nane. Yawezekana kabisa kwamba mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya funza aliwapata chini ya dawati lake. Debe moja la maji kabla ya ufagio latosha darasa moja.